Namna ya Kuziona Ngazi za Atomi kwa Boksi la Viatu na CD Kuukuu

Vijana wa kidato cha sita wanaokuja kwangu Makorora, Tanga, kwa masomo ya jioni huja na mchoro uleule wa atomi madaftarini: nukta katikati, miduara inayoizunguka, na mshale unaotoka duara la nje kwenda la ndani, pembeni pameandikwa hf. Mchoro wanaujua kwa moyo. Waulize umetoka wapi, watasema kwa Bohr. Waulize Bohr aliupata wapi, kimya.

Naamini somo hili tunalifundisha kinyumenyume. Tunampa mwanafunzi jibu kabla hajakutana na swali, kisha tunashangaa akilisahau mara tu mtihani ukipita. Swali lenyewe limo kwenye mwanga, na watu walilitazama kwa karibu miaka mia moja kabla mwanafizikia Niels Bohr hajalijibu mwaka 1913. Kwa hiyo hapa nakuelekeza kwanza kutengeneza spektroskopu, yaani kifaa cha kuuchambua mwanga rangi kwa rangi. Kisha kuitazamia taa, moto na anga. Kisha kupiga hesabu mpaka uzifikie mwenyewe zile ngazi za nishati. Usiruke hatua. Anayeanza na hesabu ataishia kukariri tu.

Kutengeneza boksi

Tafuta boksi la viatu vya mtu mzima, urefu wake kama sentimita 30 na upana usiopungua 18. Maduka ya viatu ya Ngamiani hukupa bure ukiomba kwa adabu. Chagua gumu, maana yaliyolegea hupenyeza mwanga kwenye pembe na kazi yote ikaharibika. Utahitaji pia nyembe mbili mpya, solotepu pana, kisu, rula, karatasi nyeusi, karatasi moja nyeupe nyembamba, na CD ya kurekodia. CD za namna hiyo bado zimelala kwenye droo za watu wengi, wale waliokuwa wakirekodi taarab na picha za harusi.

Kazi ngumu ni ya CD, basi anza nayo. Utando unaong'aa uko upande wenye maandishi, si ule wa chini. Ukwaruze kwa ncha ya kisu kutoka katikati hadi ukingoni, bandika solotepu juu yake, ikandamize kwa ukucha, kisha ivute kwa mkupuo mmoja. Utando unang'oka pamoja na solotepu, na inabaki plastiki unayoweza kuona upande wa pili. Ikiwa imebaki rangi ya kijani au bluu, ifute kwa pamba yenye spiriti. Sasa kata kipande cha sentimita 2 kwa 2 kwenye ukingo wa nje, polepole, kwa mkasi mzito, kwa sababu plastiki hii hupasuka ghafla. Nasema ukingo wa nje kwa makusudi: mifereji ya CD imejizungusha, na huko nje mpindo wake ni mdogo, kwa hiyo kwenye kipande kidogo inakaribia kuwa mistari iliyonyooka. Mfereji hadi mfereji ni mikromita 1.6, sawa na mifereji 625 katika kila milimita. Iandike namba hiyo juu ya boksi, kwa sababu vipimo vyote vitaitegemea.

Lishike boksi kama mtu anayetaka kuchungulia kwa urefu wake. Kwenye ukuta wa mbali, sentimita 2 kutoka ukingo wa kushoto, kata dirisha la kusimama la sentimita 1 kwa 3. Bandika nyembe mbili juu ya dirisha hilo, makali yakitazamana, na katikati yake uweke ukingo wa karatasi kama kipimo. Solotepu ikishashika, ivute karatasi itoke. Hapo umepata ufa mwembamba ulionyooka. Kwenye ukuta wa karibu, mkabala kabisa na ufa, toboa tundu la jicho na ubandike kipande cha CD kwa ndani, mifereji ikisimama wima kama ufa. Huna haja ya darubini kujua mifereji imekaaje: chungulia kuelekea dirishani, na rangi zikitokea juu na chini badala ya kushoto na kulia, zungusha kipande robo mzunguko.

Inabaki rula ya ndani. Kwenye ukuta wa mbali, chini kidogo ya usawa wa ufa, kata mwanya wa mlalo unaoanza sentimita 7 kulia kwa ufa na kuishia sentimita 15. Uzibe kwa karatasi nyeupe nyembamba uliyoichora sentimita na milimita, ukihesabu kutoka kwenye ufa. Mwanga wa nje utaipitia kidogo na namba zitasomeka gizani. Visha kuta za ndani karatasi nyeusi, funika, ziba kila pembe kwa solotepu. Ukichungulia, ufa utauona mbele yako moja kwa moja. Geuza jicho kulia, na rangi zitakuwa zimetandazwa juu ya rula.

Jambo moja bila mjadala: usilielekeze boksi kwenye jua lenyewe, hata alfajiri likiwa jekundu juu ya bahari kule Raskazone. Jicho halina spea.

Kutazama

Anza na mshumaa au kibatari, usiku, taa zote zikiwa zimezimwa. Utaona utepe mzima: zambarau hafifu, bluu, kijani, manjano, chungwa, nyekundu, bila pengo hata moja. Kinachong'aa pale ni chembe za masizi zilizopashwa moto, na kitu kigumu kikipashwa hadi kung'aa hutoa rangi zote kwa mfululizo. Uweke utepe huu akilini, kwa sababu kila utakachotazama baadaye utakilinganisha nao.

Kisha tazama taa ya enaji seva, ile ya bomba lililopinda, au taa ya tyubu. Kama nyumbani umeshabadilisha zote kuwa za LED, ulizia kwa jirani au msikitini. LED yenyewe itakuonyesha rundo la bluu na utepe mpana wa kijani hadi nyekundu. Haina mengi ya kutufundisha leo.

Kwenye enaji seva tulia, tazama kwa muda. Utepe umekatikakatika. Kuna mstari wa bluu-zambarau uliosimama peke yake karibu na sentimita 8.5 ya rula, mkali, kingo zake zimenyooka kama ufa wenyewe, maana kila mstari ni picha ya ufa kwa rangi moja. Baada yake giza, kisha bluu-kijani hafifu. Kisha, karibu na sentimita 10.9, kijani kikali kuliko vyote. Mbele yake michirizi ya manjano na chungwa, na mstari mwekundu. Binti mmoja wa kidato cha tano alilibana boksi jichoni, akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Madam, rangi nyingine zimekwenda wapi?" Nikamwambia aliandike daftarini kama alivyolitamka. Wanafizikia wa Ulaya walikaa na swali hilo karne nzima.

Ujue pia kipi ni kipi. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita. Bluu-zambarau ya nanomita 436 na kijani cha 546 hutoka kwenye mvuke wa zebaki ulio ndani ya bomba. Nyekundu iliyo karibu na 611 haitoki kwenye zebaki. Inatoka kwenye unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, wenye elementi iitwayo europiamu. Kijani nacho kimechanganyika na mwanga wa unga huo, ndiyo maana kina ukungu pembeni. Taa hizi zisivunjwe kwa ajili ya kuchungulia ndani, maana zebaki ni sumu.

Sasa ingia jikoni. Kila aliyepika kwa gesi ameshaona sufuria ya wali ikifurika: maji yenye chumvi yanagusa moto wa bluu na moto unageuka manjano papo hapo. Ni chumvi hiyo tunayoitafuta. Koroga maji ya chumvi yawe mazito, chovya kijiko kuukuu cha chuma, kishike kwa kitambaa na ukipeleke pembeni mwa moto, huku mwenzio akitazama kwa boksi kutoka umbali wa hatua moja, chumba kikiwa giza. Kwa macho, moto wote ni wa manjano. Ndani ya boksi, manjano hiyo yote ni mstari mmoja karibu na sentimita 11.9, kushoto giza na kulia giza. Huyo ni sodiamu. Chumvi ya mawe, chumvi ya pakiti, maji ya bahari ya Sahare au jasho la mkononi vitakupa mstari uleule mahali palepale.

Ile taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye swichi ya ekstensheni mara nyingi huwa na gesi ya neoni. Sogeza ufa karibu nayo kabisa: utaona mistari mingi imesongamana upande wa chungwa na nyekundu, na upande wa bluu karibu patupu. Kila elementi ina safu yake ya mistari, na hakuna mbili zinazolingana. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walilithibitisha hilo mjini Heidelberg, na kwa njia hiyo wakagundua elementi mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzijua: sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861.

Kutazama kwa mwisho ni mchana. Ukaze ufa uwe mwembamba kadiri uwezavyo, na uelekeze boksi kwenye wingu jeupe, mbali na jua. Utepe ni mzima kama wa mshumaa, lakini ukiwa na subira utaona nyuzi nyeusi zimeukatiza. Joseph von Fraunhofer alichora ramani ya nyuzi hizo kuanzia mwaka 1814, zaidi ya 500, akazipa zile kubwa herufi. Tafuta mbili. Moja iko kwenye manjano, sentimita 11.9, palepale ilipokuwa manjano ya chumvi jikoni: ni sodiamu iliyo kwenye tabaka za nje za jua, inaikamata rangi ileile ambayo ingeitoa. Nyingine iko kwenye bluu-kijani, karibu na sentimita 9.6. Hiyo Fraunhofer aliiita F, na ni ya haidrojeni. Hatuna taa ya haidrojeni nyumbani, lakini jua linatuonyesha mstari wake kila asubuhi juu ya Tanga, na sasa tutauhesabu.

Kupima

Acha x iwe sentimita ulizosoma kwenye rula kutoka kwenye ufa, na L iwe umbali kutoka kipande cha CD hadi ufa. Urefu wa wimbi kwa nanomita ni:

1600 × x ÷ √(x² + L²)

Namba 1600 ni ile mikromita 1.6 iliyogeuzwa kuwa nanomita. Kwa L = 30 na x = 11.9, kipeuo kinatoka 32.27, na jibu ni 590. Thamani inayokubalika ya manjano ya sodiamu ni 589. Ukisoma kombo kwa milimita 2 utakosea nanomita 9 hivi, kwa hiyo anza kila mara na kijani cha zebaki. Kisipotoka karibu na 546, pima tena L kabla hujalaumu kitu kingine.

Badilisha urefu wa wimbi kuwa nishati kwa kugawanya 1240 kwa nanomita ulizopata. Jibu ni elektronivolti, kipimo kidogo cha nishati kinachofaa kwa atomi. Manjano ya chumvi ni 1240 ÷ 589, yaani 2.1. Bluu-zambarau ya zebaki ni 2.84. Namba hizi zitunze. Nyuma ya ugawanyaji huu kuna historia ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua. Desemba 1900 mjini Berlin, Max Planck alikuwa akitafuta maelezo ya mwanga wa vitu vilivyopashwa moto, yaani utepe wa namna ile ya kibatari. Hesabu zilikubali pale tu alipochukulia kwamba nishati hutoka na kuingia kwa mafungu, kila fungu likiwa h mara idadi ya mitetemo kwa sekunde (f), ndiyo ile hf ya madaftarini, h ikiwa 6.626 × 10⁻³⁴ jouli-sekunde. Mwaka 1905 Albert Einstein akaenda mbali zaidi: mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu hayo. Kwa hiyo mstari mmoja wa rangi moja maana yake ni fungu la kiasi kimoja. Chumvi jikoni inatoa mafungu ya 2.1 na si ya 2.0 wala 2.2.

Swali linapokuwa gumu

Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi Manchester chini ya Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa, yaani chembe zenye chaji chanya zinazotoka kwenye vitu vyenye mionzi, kwenye dhahabu iliyofuliwa ikawa utando, wakaona chache zikirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akatamka maana yake: karibu uzito wote wa atomi umekusanyika kwenye kiini kidogo mno katikati, na elektroni ziko mbali nacho.

Mwambie mwanafunzi asimame hapa afikiri, kwa sababu hapa ndipo mahali ambapo atomi inapaswa kufa. Elektroni inayozunguka inageuza mwelekeo kila wakati, na kwa sheria za umeme zilizokuwa zikiaminika, chaji inayogeuka hutoa mwanga. Ikitoa mwanga inapoteza nishati, inasogea ndani, inazunguka haraka zaidi, inatoa rangi nyingine, hadi inagota kwenye kiini kwa muda mfupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Atomi isingedumu, na mwanga wake wakati wa kufa ungekuwa utepe unaoteleza rangi kwa rangi. Wewe mwenyewe umeona mistari. Na chumvi bado ipo.

Wakati huohuo kulikuwa na kanuni isiyo na mwenyewe. Johann Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi, aliichapisha mwaka 1885 akiwa na umri wa miaka 60. Alikuwa na namba nne tu, za mistari minne ya haidrojeni, akaziona zina mpango: 364.56 × n² ÷ (n² − 4). Weka n = 3, unapata 656.2. Weka 4, 486.1. Weka 5, 434.0. Weka 6, 410.1. Jaribu mwenyewe, kikokotoo cha simu kinatosha. Kwa nini namba za kuhesabia vidole ziamue rangi za mwanga, Balmer hakujua, na kwa miaka 28 hakuna aliyejua. Nampenda sana mwalimu huyu. Hakuwa na maabara kubwa, alikuwa na subira.

Hatua ya Bohr

Bohr alizaliwa mwaka uleule wa kanuni ya Balmer. Alikuwa Mdenmaki wa miaka 27, ametoka kufanya kazi kwa Rutherford, anahangaika na atomi inayokufa. Mwanzoni mwa 1913 rafiki yake Hans Hansen alimwelekeza kwenye kanuni ya Balmer, na mambo mawili yakakutana. Makala yake ya kwanza ilitoka Julai mwaka huo.

Alichosema ni hiki. Elektroni haikai popote inapotaka. Zipo njia fulani tu zinazoruhusiwa, na ikiwa kwenye mojawapo haitoi mwanga, iseme nini sheria ya zamani. Njia zinazoruhusiwa ni zile ambazo uzito mara kasi mara nusu kipenyo ni nzidisho kamili la h ÷ 2π. Mwanga hutoka pale tu elektroni inaposhuka kutoka ngazi moja hadi nyingine, na fungu linalotoka ni tofauti ya nishati ya ngazi hizo mbili, si zaidi, si pungufu. Ni kama mkwezi kwenye mnazi uliochongwa vidato: mguu uko kwenye kidato hiki au kile, katikati hakuna pa kukanyaga. Tofauti ni kwamba fundi wa mnazi huchonga vidato kwa nafasi sawa, na vya atomi hukaribiana kadiri unavyopanda.

Kwa haidrojeni, ngazi ya n ina nishati ya −13.6 ÷ n² elektronivolti. Sasa piga hesabu ya kushuka kutoka 3 hadi 2: 13.6 × (1/4 − 1/9) ni 1.889. Gawa 1240 kwa hiyo, unapata 656. Ni mstari mwekundu wa Balmer. Kutoka 4 hadi 2: 13.6 × (1/4 − 1/16) ni 2.55, na 1240 ÷ 2.55 ni 486. Huo ndio uzi mweusi uliouona kwenye wingu, sentimita 9.6. Wanafunzi wangu hawaruhusiwi kwenda nyumbani kabla ya kuifanya hesabu hii kwa mkono, kwa sababu ndipo boksi na daftari vinapokutana. Kutoka 2 hadi 1 ni 10.2, sawa na nanomita 122 hivi, mwanga ambao jicho halioni. Kwa hiyo mistari yote ya Balmer inayoonekana huishia ngazi ya 2, na ile 4 iliyomo kwenye kanuni yake ni mraba wa 2.

Namba 13.6 Bohr hakuikopa kwenye mistari. Aliipata kwa uzito wa elektroni, chaji yake, na h ya Planck. Yeye aliiandika kama mitetemo badala ya nishati: kwa vipimo vya wakati ule alipata 3.1 × 10¹⁵ kwa sekunde pale ambapo mistari ya mwanga ilisema 3.29 × 10¹⁵, tofauti iliyo ndani ya makosa ya vipimo vyenyewe. Na swali la yule binti limepata jibu: rangi nyingine hazikwenda popote, hazina jozi ya ngazi za kuzizaa.

Usidhani watu walikubali kirahisi. Rutherford mwenyewe, aliposoma rasimu Machi 1913, aliuliza elektroni inajuaje mapema itasimama ngazi gani, hata itoe rangi inayostahili. Ni swali zuri, na mwanafunzi anayeliuliza ameelewa zaidi ya yule anayenyamaza.

Ushahidi ulio darini

Mwaka 1914 James Franck na Gustav Hertz walipitisha elektroni kwenye mvuke wa zebaki, wakiongeza kasi yake kwa volti kidogo kidogo. Chini ya volti 4.9, elektroni ziligonga atomi na kudunda bila kupoteza kitu cha maana. Zilipofika 4.9, zilipoteza zote kwa mpigo, na mvuke ukaanza kutoa mwanga usioonekana wa nanomita 254. Gawa 1240 kwa 254: ni 4.9. Atomi ya zebaki ilikataa kupokea fungu pungufu. Mwanzoni wenyewe walidhani wamepima nishati ya kuing'oa elektroni kabisa. Bohr ndiye aliyeonyesha kwamba ni ya kuipandisha ngazi moja. Walipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1925.

Taa yako ya enaji seva inafanya hivyohivyo. Umeme unasukuma elektroni, elektroni zinagonga zebaki, zebaki inatoa hasa ile 254 isiyoonekana, na unga mweupe wa kioo unaimeza na kuitoa upya kwa rangi unazoziona. Ile 436 na 546 ulizopima ni za elektroni za zebaki zilizopandishwa ngazi za juu zaidi, zikashuka kwa kituo.

Mpaka wake

Usimfundishe mtu kwamba miduara ya Bohr ndiyo ukweli wa mwisho. Ilishindwa kwa heliamu ya kawaida, yenye elektroni mbili tu. Haikusema kwa nini mstari mmoja ni mkali na mwingine hafifu. Hata ile manjano ya chumvi ni mistari miwili iliyobanana, 589.0 na 589.6, ambayo boksi letu haliwezi kuitenganisha, na sababu yake, mzunguko wa ndani wa elektroni, ilipendekezwa na Uhlenbeck na Goudsmit mwaka 1925. Mwaka huohuo Werner Heisenberg, na mwaka 1926 Erwin Schrödinger, waliandika fizikia mpya ambamo miduara haimo. Ngazi zimo, na zile za haidrojeni zilitoka karibu na namba zilezile. Kwenye mtihani chora miduara ukiambiwa uchore, lakini ukieleza, eleza kwa ngazi.

Zoezi la mwisho

Hili nawapa walio tayari. Mwaka 1912 Alfred Fowler, mjini London, aliona kwenye bomba lenye haidrojeni na heliamu mstari wa nanomita 468.6, na wengi waliuhesabu kuwa wa haidrojeni. Bohr alisema hapana, ni wa heliamu iliyopoteza elektroni moja: inabaki elektroni moja kama haidrojeni, ila chaji ya kiini ni mara mbili, na nishati zake mara nne. Weka 54.4 badala ya 13.6, shuka kutoka 4 hadi 3, na uone unapata ngapi. Huko Manchester, Evan Evans alitumia heliamu bila haidrojeni, na mstari ukatokea.

Fowler hakuridhika. Alionyesha kwamba uwiano wa vipimo vya mistari hiyo kwa vile vya haidrojeni si 4 kamili, ni 4.0016. Bohr alijibu kwamba kiini nacho husogea kidogo, kwa hiyo uzito wake unahesabika. Elektroni ni sehemu ya 1836 ya kiini cha haidrojeni, na sehemu ya 7294 ya kiini cha heliamu. Chukua 4, zidisha kwa (1 + 1/1836), gawa kwa (1 + 1/7294). Usikadirie mapema, beba desimali sita hadi mwisho, kisha ulinganishe na namba ya Fowler.